MRI ya kawaida, DTI ama NODDI? Kwa mtu wa MS huku Kisumu, pesa iende wapi

Mama mmoja kutoka pande za Luanda alikuja na bahasha ya kaki imefungwa na raba bendi, ndani kuna filamu mbili, sidii imekwaruzika, na karatasi iliyoprintiwa saiba. Binti yake alikuwa nyuma, amejifunga leso kiunoni, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Hiyo karatasi ilitumwa na binamu yao aliye Marekani na ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu mahali pamoja tu: NODDI. Mama akasema, "Daktari, mwanangu, hii ndiyo tunataka. Ile ya kwanza tuliambiwa haionyeshi kila kitu." Nikamwambia, mama, mimi si daktari, mimi ni wa kuendesha mashine, lakini keti kwanza tuongee, juu hilo swali lako si la mchezo.

Naandika hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza. Watu wakisikia "MRI ya kisasa" wanafikiria ni kama simu, ukishatoka kwa mulika mwizi ukaingia ya kugusa huwezi rudi nyuma. MS haiendi hivyo. Msimamo wangu naweka mapema usije ukautafuta mpaka chini: kama pesa yako ni ya skani moja, lipia MRI ya kawaida lakini iliyofanywa sawasawa, kichwa pamoja na uti wa mgongo, na hizi za difusheni, yaani DTI na NODDI zinazofuata mwendo wa maji ndani ya ubongo, ziachie watafiti mpaka siku utapewa bure. Kuna wachache ambao kwao jibu linageuka, nitawafikia.

MS yenyewe, kirefu chake multiple sclerosis, kwa wale wameletwa hapa na mgonjwa wao na hawajui waanzie wapi, ni kinga ya mwili kugeukia mayelini, lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Uzi wenyewe unaitwa aksoni. Daktari Charcot aliueleza huu ugonjwa kule Paris 1868, kwa hivyo si kitu kipya, ni vile kwetu ni nadra. Ukitoka Kisumu kwenda Busia unapita ile alama ya ikweta pale Maseno, na MS huwa haipatikani sana karibu na huo mstari, inazidi ukienda kaskazini na kusini ya mbali. Makadirio ya 2020 yalisema watu milioni 2.8 dunia nzima wanaishi nayo. Huku mtu anaweza zunguka miaka akiambiwa ni presha, ni mishipa, ni shetani, ni jirani, mpaka siku jicho linaingia giza ndio mtu anaandika fomu ya MRI.

Sasa twende kwa picha zenyewe.

Ya kawaida: moshi juu ya miwa

Hii ni seti ya picha kadhaa. Kuna FLAIR, ambayo inazima maji ya ubongo yawe meusi ili madoa yabaki yaking'aa. Kuna T2, kuna T1 kabla ya dawa na T1 baada ya kuchomwa gadoliniamu. Daktari hahesabu madoa tu, juu presha, kisukari, kipandauso na hata umri vinaleta madoa meupe. Anaangalia yamekaa wapi: kando ya vile vyumba vya maji katikati ya ubongo yakiwa yamesimama kama vidole, karibu na gamba la juu, kwenye shina la ubongo na ubongo mdogo kule nyuma, na kwenye uti wa mgongo. Hapo ndipo vigezo vya McDonald vimesimama, vile madaktari wanatumia kuamua kama ni MS, vilivyotoka 2001 vikarekebishwa mara kadhaa, 2017 ikiwemo, na marekebisho ya karibuni yameongeza neva ya jicho kama sehemu ya tano.

Gadoliniamu nayo inapenya pale ukuta kati ya damu na ubongo umefunguka. Doa likiwaka baada ya dawa ujue ni bichi, la wiki chache, mara chache lipite miezi miwili. Ukiwa na doa linalowaka na lingine lisilowaka kwenye skani moja, daktari anaweza sema ugonjwa umepiga nyakati tofauti bila kukungojesha mwaka mwingine. Hilo peke yake linaokoa miezi ya matibabu, na kati ya hizi picha za difusheni nitakazotaja hakuna hata moja inakupea. Ubaya wake, mwenye figo mbovu inabidi apimwe kwanza, na tangu 2014 inajulikana kuwa chembe kidogo za dawa hubaki kwenye ubongo, kwa hivyo siku hizi haichomwi kila skani kama desturi, inachomwa ikiwa na kazi.

Udhaifu wake sasa. Simama barabarani pale Chemelil uone moshi unatoka kwa shamba la miwa. Unajua kuna moto, unajua uko upande gani. Hujui kama yameungua majani tu ama ni mpaka mashina, hujui ni miwa mingapi. FLAIR ni huo moshi. Doa jeupe linaweza kuwa uvimbe wa maji tu, linaweza kuwa mayelini imechunika, linaweza kuwa aksoni zimekatika, linaweza hata kuwa mayelini imeanza kujirudisha, na yote yanang'aa sawasawa machoni. 1998 Bruce Trapp na wenzake Marekani walionyesha kwenye tishu za wagonjwa kwamba aksoni hukatika ndani ya madoa ya MS, tena mapema, kwa hivyo si ganda peke yake linaenda. Kuna dalili kidogo kwenye T1, yale madoa meusi yanayokaa meusi miezi na miezi huwa ni mahali nyuzi zenyewe zimeisha, lakini ni dalili tu, si kipimo.

Ndio maana unakuta mtu ana madoa ishirini na bado anaendesha boda, mwingine ana matano na ngazi za ghorofa moja zinamshinda. Pia sehemu za ubongo zinazoonekana safi kabisa kwenye FLAIR huwa si safi, ukizikata na kuziweka chini ya darubini unakuta zimeguswa. Yule aliyemwambia mama kwamba picha ya kwanza haionyeshi kila kitu hakudanganya.

DTI: mtoto aliyefungwa macho ndani ya shamba

Difusheni inauliza swali lingine kabisa. Haiulizi doa liko wapi, inauliza maji yanatembea vipi ndani ya tishu. Chukua mtoto, mfunge macho, mwache katikati ya shamba la miwa kule Mumias, mwambie atembee dakika moja. Akifuata mstari ataenda mbali. Akijaribu kuvuka atagonga mashina, majani yatamkwaruza, atapiga hatua tatu arudi. Rudia na watoto elfu moja, kisha angalia tu wameishia wapi, na utajua mistari imeelekea wapi na shamba limesongamana kiasi gani bila kuuona hata muwa mmoja. Hao watoto ndio molekuli za maji. Mashina ni aksoni, majani ni mayelini. Ndani ya ule muda mfupi mashine inapima, hata sekunde moja haifiki, maji yanasogea mikroni kumi hivi, na aksoni nyingi ni mikroni moja ama zaidi kidogo, kwa hivyo inanusa vitu vidogo ajabu ingawa kila kijisanduku cha picha, tunaita vokseli, kina upana wa milimita mbili.

Mbinu ya kupima hivyo kwa sumaku ilianza na Stejskal na Tanner 1965, Denis Le Bihan akaileta kwenye picha za ubongo miaka ya themanini, halafu 1994 Basser, Mattiello na huyo huyo Le Bihan wakatoa DTI. Unahitaji mielekeo angalau 6, wengi hupiga 30 na zaidi, na ile nguvu ya kupima inaitwa b inakuwa karibu 1000. Mashine nyingi za kawaida, hata yenye sumaku ya nguvu ya 1.5 tesla, zinaiweza, na dakika tano mpaka kumi zinatosha. Haichomi dawa yoyote.

Namba kubwa ya DTI ni FA, kutoka 0 mpaka 1. Sifuri maana yake maji yanaenda kila upande sawa, ukikaribia 1 yanafuata mstari mmoja. Lile daraja linalounganisha pande mbili za ubongo, kwa mtu mzima wa afya, huwa juu, 0.7 mpaka 0.8 hivi. Majani ya miwa yakichunika, mtoto anavuka mistari kwa urahisi, ile namba ya kuvuka inapanda, inaitwa RD, na FA inashuka. Mashina yenyewe yakianguka, ile ya kufuata mstari, AD, nayo inabadilika. Kwa panya wa maabara, kazi ya Song na wenzake kuanzia 2002 ilionyesha huo mgawanyo vizuri sana, RD kwa mayelini na AD kwa aksoni, na watu wakashangilia. Kwa binadamu mwenye uvimbe, kovu na aksoni zilizokatika vyote ndani ya vokseli moja, huo usafi unapotea.

Halafu kuna shida ambayo inanivunja moyo kila nikiona ripoti ya DTI yenye rangi nzuri. Fikiria Kondele saa kumi na moja jioni. Barabara zinakutana, magari yanaenda kila upande, na barabara zote ni nzima, lami haina shimo. DTI ikipima Kondele inasema FA iko chini. Unaona? Haikuharibika kitu, ni nyuzi zinapishana. Na ubongo umejaa Kondele: makadirio ya vokseli zenye nyuzi zinazopishana yanatoka theluthi moja mpaka asilimia 90 ya sehemu nyeupe kutegemea umetumia mbinu gani. Mbaya zaidi, funga barabara moja ya Kondele kabisa, yaani njia moja ya neva ife, yale magari yaliyobaki yataenda upande mmoja na FA ITAPANDA. Ugonjwa umeongezeka na namba imependeza. Sasa mgonjwa anayelinganisha namba zake mwenyewe nyumbani kwa simu atajuaje?

Katikati ya DTI na NODDI kuna DKI, iliyotoka 2005, inayopima vile maji yanavyokataa kufuata ile hesabu rahisi ya DTI. Inasikia msongamano vizuri zaidi na inahitaji b ya hadi 2000 au zaidi. Sina mengi ya kusema juu yake. Namba zake zinasikia mabadiliko lakini hazikuambii ni ya nini, kama mbwa anayebweka usiku.

NODDI: mashina, mpangilio na mafuriko ya Nyando

NODDI ilitoka Chuo Kikuu cha London cha UCL 2012, Hui Zhang na wenzake. Badala ya namba moja iliyochanganya kila kitu, inagawa kila vokseli mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maji yaliyobanwa ndani ya nyuzi, na hilo linakupa wingi wa nyuzi, NDI. Linalofuata ni maji yaliyo kati ya nyuzi. La mwisho ni maji huru kabisa, kama ya dimbwi, wanaita FISO. Juu ya hayo kuna ODI, inayosema nyuzi zimetawanyika kiasi gani.

Kwa lugha ya shamba, NDI inahesabu mashina, ODI inakuambia kama yamepandwa kwa mstari ama ovyo ovyo, na FISO ni mto Nyando umefurika, maji yamesimama kati ya miwa. DTI ingeona shamba la Ahero lililofurika iseme FA imeshuka, shamba limekufa. NODDI inaweza kusema hapana, mashina yako sawa, ni maji. Na pale Kondele inaweza kusema nyuzi ni nyingi, zimetawanyika tu. Kwa MS hiyo tofauti ni kubwa, juu uvimbe unaondoka na aksoni iliyokatika hairudi. Tafiti kadhaa zimekuta NDI imeshuka ndani ya madoa na hata kwenye zile sehemu zinazoonekana safi kwenye FLAIR, na huo ndio uzuri wake wa kweli.

Lakini haihesabu majani. NODDI haioni mayelini moja kwa moja, kwa sababu maji yaliyobanwa ndani ya tabaka za mayelini yanazima haraka kabla mashine haijasikia. 2017 kuna kazi ilitoka iliyolinganisha NODDI na tishu za uti wa mgongo za watu waliofariki wakiwa na MS, na namba ya wingi ilifuata aksoni lakini mayelini pia ikaingilia, kwa hivyo hata "hesabu ya mashina" si safi vile jina linavyodai. Kisha kuna kile wataalamu wanaulizana kila siku: NODDI imeweka kasi ya maji ndani ya nyuzi iwe ile ile kwa kila mtu, 1.7 mikromita mraba kwa milisekunde, mzima kwa mgonjwa, kila kona ya ubongo. Ni kama kusema kila mtoto kwenye lile shamba anatembea kasi sawa. Ikiwa ugonjwa umebadilisha hiyo kasi, namba zinakuja zimepinda na hakuna kengele inalia.

Ukitaka mayelini hasa, kuna mbinu zingine si za difusheni, ile ya maji ya mayelini iliyoanzia Vancouver miaka ya tisini na ile ya uhamisho wa sumaku. Na Chuo cha Washington kule St. Louis walitoa DBSI 2011 inayojaribu kutenga seli za uvimbe na aksoni. Sitazama huko, hakuna mtu amekuja na karatasi yake kwa bahasha bado.

Kwenye meza ya mashine yenyewe

Hapa ndipo karatasi za intaneti zinanyamaza. NODDI asilia ilipendekeza seti mbili za vipimo, moja ya mielekeo 30 na nyingine 60 yenye b kubwa karibu na 3000, na hiyo ni karibu nusu saa kabla hujaongeza FLAIR na zile zingine. Mashine mpya zinazopiga vipande kadhaa kwa wakati mmoja zinashusha mpaka dakika kumi hivi. Kwenye 1.5 tesla unaweza kujaribu, lakini b ikipanda sauti ya maji inafifia na picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani mvua ikinyesha, 3 tesla ndiyo inafaa.

Difusheni pia haipendi mwendo na haipendi chuma. FLAIR ikiharibika kidogo daktari bado anasoma, lakini difusheni inapiga mara kadhaa na kadhaa na kila mara kichwa kinatakiwa kiwe pale pale. Mtu wa MS ana mguu unaoruka wenyewe, ana kibofu kisichongoja, unamwambia alale kimya dakika arobaini? Nilishawahi kuwa dakika ya saba ya mfuatano mrefu na stima ikapotea, jenereta ikashika, lakini mashine ikabidi ianzwe upya na yule dada akasema basi, nipelekeni nyumbani. Na nywele! Wigi yenye klipu ndogo, rasta zilizosukwa na uzi unaong'aa, kwenye T2 unaona tu kidoti cheusi pembeni, kwenye difusheni upande mzima wa kichwa unavutika kama chapati iliyonyanyuliwa ikiwa mbichi. Ukija kwa skani yoyote, fungua nywele nyumbani, utatushukuru sisi na tutakushukuru wewe.

Kisha nani anaisoma? FLAIR inasomwa na daktari yeyote wa radiolojia mwenye macho mazuri. NODDI inatoka kwenye mashine ikiwa mamia ya picha za kijivu zisizo na maana mpaka zipitishwe kwenye kompyuta, zisahihishwe mwendo na mkunjo, zifanyiwe hesabu. Programu zenyewe ni za bure, FSL ya Oxford, AMICO ya 2015 ambayo imepunguza hesabu ya siku nzima ikawa dakika, lakini mtu wa kukaa nazo hayuko kwenye kila kliniki. Tuseme ameipata, ripoti inasema NDI yako ni 0.48. Daktari afanye nini na 0.48? Hakuna kiwango kinachosema chini ya hapa badilisha dawa. Tofauti zinazoonekana kwenye tafiti ni za kundi kwa kundi, wagonjwa hamsini kwa wazima hamsini, na mtu mmoja mmoja wanaingiliana. Ukipimwa Kisumu mwaka huu na Nakuru mwaka ujao kwa mashine nyingine, namba zinaweza kuhama kwa sababu ya mashine peke yake. Miongozo ya kimataifa ya MRI ya MS ya 2021 iliweka FLAIR na wenzake mbele, hizi nyingine zikabaki za utafiti.

Sasa uchague vipi

Kama bado hujaambiwa una nini, usiguse difusheni ya bei. MRI ya kichwa na uti wa mgongo, na gadoliniamu ikiwa figo ni sawa. Watu wanaruka uti wa mgongo kuokoa pesa halafu wanarudi kulipa mara mbili, doa la uti wa mgongo lina uzito sana kwa uamuzi kwa sababu presha na umri haviliachi hapo kirahisi. Na kabla ya kuuliza NODDI uliza kipimo cha damu cha akwaporini 4. Kwetu waafrika kuna ugonjwa ndugu wa MS, NMO, ambao hicho kipimo kinautafuta, unaopiga macho na uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za MS kama interferoni beta na fingolimodi zinaweza kuuzidisha. Ukikosea hapo hakuna FA itakuokoa. Pesa ya kuongeza rangi kwenye ubongo ni bora iende kwa hiyo chupa ya damu.

Kama tayari unajulikana na uko kwa dawa, kitu cha maana ni picha ile ile, mashine ile ile kama inawezekana, mpangilio ule ule, ili doa jipya lionekane ni jipya. Omba sidii kila mara na usiikunje. Na usikimbilie skani kila siku unapolegea Februari saa nane mchana, joto la Kisumu linafanya dalili za zamani ziamke kwa muda bila shambulio jipya, daktari wa macho Uhthoff alilieleza hilo 1890 na sidhani alikuwa amefika Kibuye. Kaa kivulini, lowesha kitambaa, ikipita saa 24 bila kuachilia ndio upige simu.

Wa tatu ndiye mgumu: madoa hayajaongezeka miaka miwili lakini mguu unazidi kuwa mzito. Huyu ndiye difusheni iliumbiwa, na huyu ndiye namwonea huruma kumwambia hapana. Lakini hata kwake, kabla ya NODDI kuna vipimo vya bei ya chini vinavyosema aksoni zinapotea. Picha ya OCT ya nyuma ya jicho, mashine ile ile kliniki za macho hutumia kwa glakoma, inapima unene wa nyuzi kwa mikroni na inachukua dakika chache. Kutembea futi 25, kama mita saba na nusu, ukitumia saa ya simu: muda ukiongezeka kwa asilimia 20 hiyo inahesabika kuwa mabadiliko ya kweli. Unaweza kuipima kwenye uwanja wa kanisa. Andika tarehe. Daktari ataifanyia kazi haraka kuliko 0.48.

Ukialikwa kwenye utafiti na umesaini fomu ukiielewa, ingia bila wasiwasi, difusheni haina mionzi wala dawa, ni kelele tu na kulala. Na wanafunzi mnaoniandikia mkitafuta kichwa cha tasnifu, kama mashine mliyo nayo ni 1.5 msijitie NODDI kwa sababu jina ni tamu. Pigeni DTI safi ya mielekeo 30, muwe waangalifu mahali nyuzi zinapishana, muangalie lile daraja la katikati ambapo nyuzi zinaenda upande mmoja na FA ina maana yake. Mkiwa na 3 tesla na b mbili tofauti, NODDI kisha DTI kutoka data ile ile, mnapata zote mbili kwa skani moja.

Yule binti aliuliza kama anaweza kuona tu hiyo picha ya rangi. Nikafungua laptopu nikamwonyesha ya mfano, nyuzi nyekundu zikivuka kushoto kulia, bluu zikishuka kwenda uti wa mgongo, kijani mbele nyuma. Akaangalia kimya muda, akasema inafanana na sisal ikianikwa. Kisha nikamwandikia mama kwenye karatasi vitu vitatu vya kumuuliza daktari: uti wa mgongo, akwaporini 4, OCT. Mama akaigeuza, akaangalia nyuma, akauliza, "Na hii napeleka dirisha gani, mwanangu, lile la pesa ama lile la dawa?"